Jibu: Kifua kinauma nikilala, nina baridi yabisi

Salaam ndugu. Nilivyokuelewa, viungo vimetulia kwa dawa, ila kifua kinachoma ukilala chali, na hujui kama ni moyo au misuli tu.

Naishi na ugonjwa huohuo. Cha kwanza angalia hili: maumivu yanapungua ukikaa na kuinama mbele? Yanazidi ukivuta pumzi ndefu? Yangu yalikuwa hivyohivyo, nikawa nalala nimeketi, nimekumbatia mto. Ikaonekana ni uvimbe wa utando unaouzunguka moyo. Baridi yabisi haiishii kwenye vidole, kwa hiyo viungo kutulia kusikupe uhakika. Omba kipimo cha umeme wa moyo pamoja na ultrasaundi ya moyo. Hicho cha umeme peke yake kinaweza kutoka safi huku maji yamejikusanya kuuzunguka moyo.

Mtajie daktari dawa zote, hasa zile za maumivu za kujinunulia, diklofenaki na ibuprofeni (tunazimeza kama karanga, tusidanganyane). Zinaweza kupandisha presha na kuuweka moyo hatarini. Prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe), kama unatumia, usiikate ghafla.

Yako ni ipi siwezi kusema nikiwa huku. Ila kifua kikibana hadi mkononi au kwenye taya, jasho baridi likutoke au pumzi ikate, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda dharura saa hiyohiyo.

Presha na kolesteroli upimwe hata ukijisikia mzima. Kliniki ya viungo mara nyingi hawakumbuki, uliza mwenyewe.