Jibu: Mama apande vilima au atembee ufukweni?

Mkuu, umeuliza umwandikishe mama yako, mwenye miaka 60 na goti linalomsumbua, matembezi ya vilimani au ya ufukweni kwenye tamasha hapa Mwanza. Ufukweni, bila kusita. Capri Point, rasi ya hapa mjini inayoingia ziwani, kuna barabara, anatembea taratibu huku ziwa analiona, na akichoka bodaboda haiko mbali.

Vilima vyetu si virefu, ila ni mawe matupu. Unapanda jiwe, unashuka, unajipenyeza kiubavu katikati ya mawili, na kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Manyunyu yakipita, mawe haya ya itale yanateleza hata kwa kijana mwenye raba mpya. Ikifika saa tano jua likiwaka, ukishika jiwe kwa kiganja unatoa mkono. Wewe nenda, mijusi ya vichwa vyekundu utaiona imejianika juu kabisa.

Muulize kiongozi wa matembezi kabla ya kulipa: anachukua watu wangapi, na anayeshindwa njiani anarudishwa na nani? Akibabaika, tafuta mwingine.

Jambo moja msilifanyie mzaha: kichocho. Msivue viatu kukanyaga maji ya pembeni yenye majani, hata kwa picha tu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi.

Mkibaki na siku, mpeleke kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013. Boti ni dakika chache tu, na pimbi, wale wanyama wadogo wa kwenye mawe, hawana habari na wageni. Kofia na maji ya kunywa mtoke navyo mjini.