Maswali na Majibu: Aaron Donald, mlinzi aliyezuiwa na watu wawili

Tangu tulipoandika kwamba Aaron Donald wa Los Angeles Rams ndiye mlinzi bora wa kizazi chake katika mpira wa Kimarekani, barua zimemiminika, na nyingi ni za kubisha. Nimechukua nane. Asiyeifuatilia NFL, ligi kuu ya mchezo huo, asikimbie, swali la kwanza ni lake.

Shikamoo. Mimi ni mtu wa Simba na Yanga. Huyo mlinzi mnayemsifu ni sawa na beki wetu? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hapana, si sawa. Beki wa kandanda akinyang'anya mpira anaweza kupanda nao mwenyewe mpaka langoni. Kule kila timu ina vikosi viwili: wa kushambulia 11 wakimaliza zamu yao wanatoka, wanaingia 11 wengine ambao kazi yao ni kuzuia tu. Mtu anaweza kucheza miaka kumi na kustaafu bila kufunga hata mara moja, na asilaumiwe na yeyote.

Wanaoshambulia hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10, mita tisa na kitu. Wakishindwa, wanaupoteza. Mlinzi anayaharibu majaribio hayo. Donald alisimama safu ya mbele, katikati kabisa, pua kwa pua na majitu ya kilo 140. Kutoka hapo alitakiwa kumzima anayekimbia na mpira, au kumfikia kwotabeki, yule mrusha pasi, kabla mpira haujamtoka mkononi. Muda wenyewe ni kama sekunde mbili na nusu.

Bruce Smith alimwangusha kwotabeki mara 200. Huyo Donald wenu ana 111. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la pili anaijua. Ubora uko wapi? (Msomaji, Mombasa)

Hesabu ni sahihi, ila umelinganisha vitu viwili tofauti. Kwanza, Smith alicheza misimu 19, Donald 10. Pili, na hili ndilo zito, rekodi za kuwaangusha makwotabeki kwa kawaida ni za walinzi wa pembeni, wenye nafasi ya kuzunguka kwa mbio. Donald alikuwa wa ndani. Huko hakuna pa kuzunguka; ukigeuka kushoto kuna mtu, ukigeuka kulia kuna mwingine, na wote wawili wameambiwa na kocha wao kwamba leo kazi yao ni wewe.

Mwaka 2018, akiwa katika msongamano huohuo, alipata 20.5. (Nusu hiyo isikushangaze: walinzi wawili wakimwangusha kwotabeki pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu.) Tangu ligi ianze kuhesabu rasmi mwaka 1982, hakuna mlinzi wa ndani aliyewahi kufika hapo. Aliyekuwa akishikilia rekodi hiyo ni Keith Millard wa Minnesota, 18, na ilikuwa imekaa tangu 1989.

Lakini ngoja niseme ninachokiamini hasa: hata hiyo 20.5 inampunja. Wapinzani wakitoa watu wawili kumkaba mmoja, kuna mlinzi mwingine mahali fulani amebaki na mtu mmoja tu, au hana kabisa. Huyo mwingine akimwangusha kwotabeki, jina linaloandikwa ni lake. Donald anaambulia kupigwa mabega na watu wawili, na kwenye karatasi ni sifuri. Makocha wanaorudia kanda za mechi huliona hilo. Ndiyo maana alipewa tuzo ya Mlinzi Bora wa Mwaka mara tatu, 2017, 2018 na 2020. Waliowahi kuifikisha tatu kabla yake ni wawili tu, Lawrence Taylor na J.J. Watt. Na katika misimu yake yote kumi, hakuna hata mmoja ambao hakuchaguliwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi.

Nimesoma kwamba walimwona mfupi. Mtu wa mita 1.85 anaitwaje mfupi? (Msomaji, Nakuru)

Mtaani kwetu angeitwa mrefu. Kwa nafasi yake NFL ilitaka mtu wa mita 1.90 kwenda juu na kilo 136 au zaidi. Yeye alikuwa na kilo kama 127. Alikulia Pittsburgh, akasoma sekondari ya Penn Hills, na chuo akabaki hapohapo mjini, Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alipokuwa na miaka 12, baba yake, Archie, alianza kumwamsha saa kumi na nusu alfajiri wanyanyue vyuma chini ya nyumba kabla ya shule. Kijana alikuwa mvivu, baba akachoka kumtazama. Basi.

Mwaka 2013, wa mwisho chuoni, alizoa tuzo nne kubwa za walinzi na wachezaji wa safu ya mbele: Nagurski, Bednarik, Outland na Lombardi. Kwenye majaribio ya ligi huko Indianapolis alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.68, mwendo wa kutisha kwa mwili ule, akanyanyua chuma cha kilo 102 mara 35. Bado timu zikasitasita. Katika drafti ya 2014, ambako klabu huchagua vijana kwa zamu, alichukuliwa wa 13.

Kuna kichekesho hapo. Rams, wakati huo wakiwa bado St. Louis, walikuwa na chaguo mbili za juu mwaka ule. Ile ya pili kwa jumla waliitumia kwa Greg Robinson, mzuiaji, yaani wa kumkinga kwotabeki wa timu yake, mwenye umbo lile linalopendwa vitabuni. Robinson hakumaliza hata mkataba wake wa kwanza pale. Yule "mfupi" alimaliza kazi yake yote akiwa na jezi yao.

Ni kweli alikuwa akifanya mazoezi na visu? (Msomaji, Mbeya)

Vya kuchezea. Mkufunzi anamnyooshea visu vya bandia kama anayemchoma, yeye anaipiga mikono ile pembeni kwa kasi, kama atakavyoipiga ya wapinzani. Video ilisambaa, watu wakashtuka. Usijaribu na vya jikoni.

Mimi naishi Minneapolis, huku wachezaji wanasemwa kuwa walafi wa pesa. Donald si aligoma mara mbili? Mtu ana mkataba, anagomea nini? (Msomaji, Minnesota)

Aligoma, ndugu yangu, 2017 na 2018. Na mimi niko upande wake.

Angalia mambo yanavyokwenda. Kijana akichaguliwa kwenye drafti hajadiliani mshahara wa maana. Makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya 2011 yaliweka viwango kulingana na namba uliyochaguliwa. Donald alisaini miaka minne kwa kama dola milioni 10. Ni pesa nyingi kwa mimi na wewe, lakini katika miaka hiyohiyo alikuwa tayari kinara wa nafasi yake ligi nzima. Halafu mikataba ya NFL si kama ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu. Sehemu kubwa ya kinachoandikwa haina dhamana. Goti likivunjika, klabu inaweza kukuacha na sehemu hiyo ikafutika. Na wachezaji walio wengi hawadumu: wastani unaotajwa na chama chao ni miaka mitatu na kidogo. Sasa mlinzi wa ndani, anayegongana na watu wawili kila mchezo, asubiri nini?

Mwaka 2017 alirudi siku moja kabla ya mechi ya kwanza, hakuicheza, na mwisho wa msimu akawa Mlinzi Bora. Mwaka uliofuata akagoma tena. Tarehe 31 Agosti 2018 Rams walikubali: miaka sita, dola milioni 135, kati yake milioni 87 zikiwa na dhamana. Hakuna mlinzi aliyewahi kulipwa hivyo. Rekodi ilidumu siku moja. Kesho yake Chicago Bears walimpa Khalil Mack milioni 141. Mwaka 2022 Rams waliurekebisha tena mkataba wa Donald kwa kumwongezea milioni 40.

Watu husema alishinda Super Bowl peke yake. Timu si ya watu 11? (Msomaji, Bujumbura)

Peke yake hapana. Mchezaji bora wa mechi ile, fainali ya ligi, alikuwa Cooper Kupp, mshambuliaji, na alistahili. Ila dakika ya mwisho ilikuwa ya Donald.

Ilikuwa tarehe 13 Februari 2022, uwanja wa SoFi, nyumbani kwa Rams. Wanaongoza 23 kwa 20, Cincinnati Bengals wanasogea, wanahitaji yadi chache zaidi wapate mkwaju wa kusawazisha. Jaribio la tatu, imebaki yadi moja tu. Bengals wanampa mpira Samaje Perine apenye katikati. Donald anamdaka, hasogei. Jaribio la nne, bado yadi moja. Kwotabeki Joe Burrow anarudi nyuma arushe. Donald anampita mzuiaji, anamshika Burrow, anamzungusha. Burrow anautupa mpira akiwa anaanguka, unadondoka chini. Zimebaki sekunde 39. Donald akavua kofia ngumu, akakimbia uwanjani akinyooshea kidole chake cha pete, kwa maana bingwa wa Super Bowl huvishwa pete. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameikosa, Rams walipofungwa 13 kwa 3 na New England Patriots.

Sasa ndugu wa Mombasa asikilize: lile tukio, kubwa kuliko yote maishani mwake, halikuhesabiwa kabisa kuwa ni kumwangusha kwotabeki. Burrow aliuachia mpira kabla ya kuanguka, kwa hiyo kitabuni imeandikwa "pasi haikufika".

Kwa nini aliacha na miaka 32? Je, ni yale ya ubongo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Alitangaza tarehe 15 Machi 2024. Hakusema ubongo, alisema ameridhika na ile hamu imekwisha. Mwili ulikuwa umeshatoa ishara, maana msimu wa 2022 kifundo cha mguu kilimweka nje kwa wiki za mwisho, jambo ambalo hakuwa amelizoea. Hata hivyo msimu wake wa mwisho alichaguliwa tena katika kikosi bora cha ligi, mara ya nane. Aliondoka mwenyewe, kabla hajaambiwa.

Hofu yako lakini ina msingi. Ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara, CTE, uligunduliwa kwa mchezaji wa NFL palepale Pittsburgh. Mwaka 2002 Dkt. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster wa Steelers. Mwaka 2011 Dave Duerson, mlinzi wa Bears ya mabingwa wa 1985, alijiua akiwa ameacha maagizo kwamba ubongo wake upelekwe kwa watafiti. Walikuta CTE. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kuukuta katika bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa NFL. Tahadhari: nyingi zilitolewa na familia zilizokwisha kuona dalili, kwa hiyo usizifanye asilimia ya wachezaji wote. Na kwa sasa huthibitishwa baada ya kifo tu, hivyo aliye hai hana cheti cha usalama.

Mwanangu ana miaka 16, anacheza raga, mwili anao. Kuna Mkenya aliyewahi kufika huko? Nimwache ajaribu? (Mama, Kisumu)

Yupo, mama. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alicheza raga Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsaini kama mlinzi wa safu ya pili. Hakuwa amewahi kucheza mchezo huu hata siku moja. Desemba mwaka uleule akaingia uwanjani katika mechi ya ligi. Aliachwa mwaka 2015 akiwa amecheza mechi chache. Kutoka raga unakuja na mbio na nguvu. Kusoma kwa nusu sekunde wapinzani wanataka kufanya nini, wenzako wamekuwa wakifundishwa tangu utotoni.

Tangu 2017 ligi ina programu ya kuwaandaa wachezaji wa nje ya Marekani. Efe Obada, mzaliwa wa Nigeria aliyelelewa London, alipitia humo na akawa mlinzi wa Carolina Panthers. Kwa hiyo mlango upo. Kwa kijana wa miaka 16 ningesema aendelee na raga na amalize shule, kwa kuwa njia ya kawaida ya NFL inapita chuo kikuu cha Marekani, na huko wanaangalia matokeo ya darasani pia. Mtu akija kwako akidai ada ya "kumuunganisha" na timu, mfukuze.