Kujifunza Shibe Upya: Kwa Uliyetoka Kupunguzwa Mfuko wa Chakula

Siku yangu ya kwanza nyumbani nilianza bilauri moja ya maji baada ya adhana ya adhuhuri, nikaimaliza alasiri inapoadhiniwa. Maumivu ya vidonda nilikuwa nimeelezwa mapema na dawa yake nilipewa, kwa hiyo hayakunishtua. Lakini sikuwa nimejiandaa kwamba maji, kitu nilichozoea kukigugumia nikiwa nimesimama mlangoni, yangenilazimu nikae, nipige funda moja, nisubiri lishuke, ndipo nithubutu jingine. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam na huu ni mwaka wa tatu tangu nifanyiwe upasuaji. Ninayoyaandika ni kwa ajili yako uliyeruhusiwa wiki hii, au unayeingia chumba cha upasuaji mwezi ujao, na pale maelekezo ya daktari wako yatakapopishana na maneno yangu, fuata ya daktari wako, kwa sababu yeye ndiye aliyeona kilichomo ndani.

Kwanza ujue hasa ulichofanyiwa, maana mitaani kwetu kila kitu kinaitwa puto. Puto huingizwa kwa njia ya mdomo, hujazwa likiwa ndani ya mfuko wa chakula, na baada ya miezi kadhaa, mara nyingi sita, hutolewa na mfuko ukabaki kama ulivyokuwa. Mimi nilikatwa: kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko iliondolewa, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, unaochukua takriban mililita 100 hadi 150. Sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na ndiyo sababu katika miezi ya mwanzo unaweza kufika jioni bila kukumbuka kwamba hujala. Wengine hutengenezewa kifuko kidogo zaidi, cha kama mililita 30, kisha utumbo mwembamba ukaunganishwa nacho ili chakula kipite njia ya mkato. Hao wana tahadhari zao za ziada, nami nitazigusa kila zinapohusika.

Wiki mbili za mwanzo kazi yako ni maji na kutembea. Nilichukua kile kikombe kidogo cha kahawa ambacho wauza kahawa hutembea nacho, nikakifanya kipimo changu: vikombe viwili kwa saa mwanzoni, kisha vitatu, hadi nikaanza kukaribia lita moja na nusu kwa siku, na hilo lilinichukua zaidi ya siku kumi. Kutembea ndani ya nyumba na uani, hata kwa dakika tano kila baada ya saa moja au mbili, husaidia damu isigande kwenye mishipa ya miguu. Maumivu ya mabega katika siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi hutokana na hewa iliyotiwa tumboni wakati wa upasuaji, nayo hupungua yenyewe. Lakini ukiona homa, au moyo unakwenda mbio hata umelala, au maumivu ya tumbo yanazidi badala ya kupungua, au pumzi inabana, au mguu mmoja umevimba na kuuma, usisubiri kupambazuke wala usimpigie jirani aliyewahi kufanyiwa. Rudi hospitali usiku huohuo, kwa kuwa mshono unaovuja na damu iliyoganda ni mambo yasiyongoja.

Kuhusu chakula, nilikabidhiwa karatasi iliyopigwa chapa vizuri, imegawanywa kwa wiki, na karibu nusu ya vyakula vilivyotajwa humo sijawahi kuviona sokoni Kariakoo wala Ilala. Hatua zenyewe ni za kweli na zinafanana karibu kila mahali: vimiminika vyepesi siku moja au mbili, vimiminika vizito hadi mwisho wa wiki ya pili, vyakula vilivyosagwa wiki ya tatu na ya nne, vyakula laini wiki ya tano na ya sita, kisha chakula cha kawaida polepole. Kazi iliyoniangukia ilikuwa kuihamishia karatasi ile jikoni kwangu, na ninakupa matokeo yake ili usianze sifuri.

Supu ya samaki iliyochujwa vizuri ndiyo iliyonibeba wiki ya kwanza, ikiwa na chumvi kidogo na ndimu ya kunusia tu. Wiki ya pili niliongeza mtindi usio na sukari uliopigwapigwa hadi ukawa laini, na uji mwepesi uliochujwa, ambao niliukorogea vijiko viwili vya maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, kwa sababu uji mtupu ni wanga tu na ulichoagizwa kukitafuta kwanza ni protini, kati ya gramu 60 na 80 kwa siku. Hesabu hiyo inatisha mpaka uielewe kwa vyakula vyako: yai moja lina kama gramu 6, bilauri ya mtindi kama gramu 8, kipande cha samaki aliyepikwa chenye uzito wa gramu 100 kina zaidi ya gramu 20. Wiki ya tatu nilisaga kunde na choroko kwenye blenda pamoja na mchuzi wake, nikapitisha kwenye chujio ili maganda yasibaki. Wiki ya tano nikafika kwa samaki wa kuchemsha aliyevunjwavunjwa, yai la kuchemsha laini, na parachichi kijiko kimoja. Dagaa niliwaingiza mwezi wa tatu, wakiwa wamesagwa na kutiwa kwenye mchuzi, na sijawahi kujuta.

Vyakula vilivyonishinda kwa muda mrefu ni vile tulivyolelewa navyo. Ugali, chapati na mkate laini hushikamana vikawa donge moja ambalo mrija mwembamba haulipitishi kirahisi, na wali, ingawa unaonekana mwepesi, huvimba. Nyama ya ng'ombe iliyochomwa na kifua cha kuku kilichokauka navyo ni hivyohivyo. Sisemi uviage, ninasema vije mwisho, kwa tonge la ukubwa wa punje ya mahindi mabichi, na baada ya protini kuwa imekwisha kuliwa.

Hapa ndipo penye somo ambalo lilinigharimu. Katika wiki ya sita nilikuwa nimerudi kazini, kengele ya mapumziko ilikuwa imebakiza dakika chache, na mwenzangu alinigawia ugali wake na kuku. Nilikula matonge matatu kwa haraka, nikisubiri kule kujaa kwa tumbo nilikokuzoea maisha yangu yote, na badala yake nikashikwa na maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, mdomo ukajaa mate mazito yenye povu, nikatoka mbio hadi chooni na nikakaa huko hadi kipindi changu kikachukuliwa na mwingine. Kosa langu lilikuwa kungoja ishara ya zamani. Mfuko mpya hausemi kwa kujaa. Husema mapema zaidi na kwa sauti ndogo: kwikwi moja, pumzi ndefu inayotoka bila kuitwa, kupiga chafya, au kamasi jepesi linaloanza kutiririka katikati ya mlo. Wengi wetu tuliofanyiwa tunayo mojawapo ya hizo. Yangu ni kamasi. Likianza, ninaweka kijiko chini, hata kama kilichobaki ni funda moja, maana lile funda moja ndilo linalokupeleka chooni.

Ili uisikie ishara hiyo inabidi ule taratibu kiasi cha kukera. Nilitumia kijiko cha chai na kisahani cha kikombe, nikatafuna kila funda hadi likawa kama uji, na nikapumzika kati ya funda na funda, mlo mmoja ukichukua dakika 20 hadi 30. Ukipitiliza nusu saa, chakula kinakuwa kimepoa na wewe umeanza kudonoa, basi funika uondoke. Kula huku unasahihisha madaftari au unatazama simu hakufai kabisa katika miezi hiyo, kwa kuwa ishara itakupita hujaisikia.

Maji na chakula usivichanganye. Acha kunywa muda mfupi kabla ya kula, na ukimaliza kula subiri dakika 30 ndipo unywe, kwa sababu nafasi iliyopo haivitoshi vyote viwili, na pia maji husukuma chakula kishuke kabla hujashiba. Kwa sisi tuliozoea kitafunwa kwenda sambamba na chai, hili ni gumu kuliko linavyosikika. Soda, hata zile zisizo na sukari, niliziacha kwa ajili ya gesi. Juisi ya miwa ni onyo jingine: sukari nyingi ikishuka kwa kasi kwenye utumbo, hasa kwa waliounganishwa njia ya mkato, huleta jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuharisha ndani ya nusu saa hivi, na saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu yaweza kushuka mpaka mikono ikatetemeka.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha, hilo ulikubali kabla hujasaini karatasi za upasuaji. Kwangu ni mchanganyiko wa vitamini na madini kila siku, vitamini B12, madini ya chuma, vitamini D, na kalisi (kalsiamu) ambayo jumla yake huwa miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu. Chuma na kalisi vitenganishe kwa saa mbili au zaidi, na chuma kisikutane na chai, kwa kuwa chai huzuia kisinyonywe vizuri. Nywele zangu zilianza kupukutika mwezi wa nne, nikalia kweli, lakini ni jambo la kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya mwili kupungua kwa kasi, na zilirudi. Ukitapika karibu kila kitu kwa siku kadhaa, usijikaze: vitamini B1 huisha mwilini haraka, na upungufu wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu.

Kuna dawa pia. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa kwetu mtu huzinunua duka la dawa kama anavyonunua peremende, huweza kuleta vidonda kwenye mfuko, na kwa waliounganishwa utumbo hatari ni kubwa zaidi. Mwambie muuzaji umefanyiwa nini, na kwa maumivu ya kichwa uliza kuhusu parasetamoli. Kama unatumia dawa za presha au kisukari, dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno kwa mwili wa leo. Mimi nilikuwa nikisimama ghafla natafuta ukuta wa kushika, hadi daktari alipoipunguza dawa yangu ya presha mwezi wa pili. Usiipunguze mwenyewe. Na kina dada wenzangu, ushauri uliozoeleka ni kungoja miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na mjue kwamba uzito ukipungua mimba huweza kuingia upesi kuliko zamani, kwa hiyo suala la uzazi wa mpango lizungumzwe mapema, si baada.

Watu nao wanahitaji subira. Kwenye sinia la pilau hakuna anayepima alichokula mwenzake, lakini wewe ukisimamisha mkono baada ya matonge manne kila jicho linakugeukia, na shangazi anaanza kuuliza kama chakula chake kina kasoro. Nilijifunza kukaa karibu na mwenyeji, nikamwambia kabla ya kunawa kwamba nimefanyiwa upasuaji wa tumbo na ninakula kidogo kwa amri ya daktari. Maneno hayo ni kweli na hayahitaji maelezo mengine. Kupungua kwa kasi nako kuna uvumi wake, na sote tunajua ni maradhi gani watu hunong'ona. Mwambie ukweli mtu mmoja anayeaminika katika ukoo, naye atawajibu wengine ukiwa haupo. Ramadhani yangu ya kwanza ilinikuta katika mwezi wa nne. Daktari alinizuia kufunga kwa sababu lita moja na nusu ya maji haikuweza kuingia kati ya futari na daku kwa mafunda yangu madogo, nami nililipa siku zile mwaka uliofuata, kidogokidogo, baada ya kuruhusiwa.

Mizani itakusumbua katika wiki ya tatu hivi, itakaposimama ghafla baada ya kushuka kila siku. Hali hiyo huwapata wengi na hupita, kwa hiyo ipande mara moja kwa wiki. Jambo zito zaidi huja baada ya mwaka, njaa inaporudi na mfuko unapokubali zaidi. Nimegundua kwamba chakula kigumu chenye protini hunishibisha kwa kijisahani kimoja, ilhali biskuti, aiskrimu na chipsi huteleza tu, naweza kuvila mchana kutwa bila kamasi kutoka. Kwa hiyo nimejiwekea saa za kula na ninazishika. Saa nne, sahani ya maandazi inapozungushwa chumba cha walimu, mimi huwa nimekwisha kula yai langu na kijiko cha kunde, na chai yangu naimimina saa nne na nusu.