Re: Ini lina mafuta, mbona daktari ananiuliza habari za tumbo?

Mkuu, huyo daktari wako wa Moshi hajapotea njia. Ultrasaundi imeonyesha mafuta kwenye ini, lakini karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka utumboni na viungo jirani, kupitia mshipa mmoja mkubwa. Kinachovuja utumboni, ini ndilo la kwanza kukutana nacho.

Ndani ya ini kuna askari wa kinga waitwao seli za Kupffer, jina la mtaalamu aliyezieleza mwaka 1876. Kazi yao ni kumeza bakteria na vipande vyao. Vikija vichache, wanavimaliza kimyakimya. Shida ni ukuta wa utumbo ukilegea, na pombe nyingi huulegeza, mbege yetu ya ndizi ikiwemo (wazee wa Kibosho mnisamehe). Hapo vipande vinamiminika, seli zinamwaga kemikali za kuchochea uvimbe mfululizo, na miaka ikipita ini linaweza kuota makovu.

Maharage na mboga za majani zina nyuzinyuzi ambazo bakteria wazuri huzigeuza kuwa asidi inayolisha ukuta wa utumbo. Dawa za "kusafisha ini" za pale stendi achana nazo. Na pima homa ya ini B. Hiyo huletwa na kirusi, maharage hayakitoi.