Maswali ya Wasomaji: Chombo Kikiwa Nchi Kavu

Wajuzi, hamjambo. Mimi na mume wangu tunaishi ndani ya yoti ya faiba ya futi 38, imetia nanga Kilifi. Mkuku wake (uti wa chini wa chombo) unazama mita 1.8. Tunataka kuipweleza ufukweni, yaani kuiacha ikae juu ya mchanga maji yakitoka, tupake rangi ya chini bila kulipia kreni. Tuchague siku gani, na tunaweza kuendelea kulala ndani?

Hatujambo, dada. Siku huchaguliwa na mwezi. Pwani yetu, wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, na hiyo yawatosha. Ila msiende siku ya kilele cha bamvua. Nendeni siku mbili kabla, maji yakiwa bado yanakua, ili mkikwama, maji ya kesho yawe makubwa kuliko ya leo. Anayepweleza siku ya kilele akashindwa kuelea huenda akangoja bamvua lijalo, yaani wiki mbili.

Siku hizo maji hujaa mchana, kuelekea alasiri, na kupwa asubuhi. Ingieni na maji ya mchana, mfunge chombo kwenye nguzo au ukuta, kazi ianze asubuhi inayofuata. Kabla ya hapo, tembeeni mahali hapo maji yakiwa yamekupwa: jiwe moja chini ya mkuku laweza kukiinamisha chombo chote. Kifanyeni kiegemee kidogo upande wa ukuta kwa kuhamishia huko minyororo na madumu ya maji, na kamba moja itoke juu ya mlingoti mpaka nchi kavu. Uzito wote ukae juu ya mkuku. Usukani usiguse mchanga.

Kulala ndani si tatizo. Tena lazima mtu awemo usiku, maana maji yatakiinua chombo na kukilaza upya, na kamba zitataka kulegezwa na kukazwa. Choo na sinki zisitumike, kwa sababu maji yake yatateremka juu ya rangi mbichi. Friji inayopozwa kwa maji ya bahari izimwe.

Jambo moja tunawasisitizia: kati ya maji kupwa na maji kujaa fanyeni kazi za nje tu, yaani kukwangua, kupaka rangi, kubadilisha zinki (vipande vinavyoliwa na bahari badala ya vyuma vya chombo) na kusafisha pangaboi. Koki za chini ya maji (zinazofunga matundu ya chini ya chombo) na shafti (mhimili unaozungusha pangaboi) msiziguse. Bolti ikikatika mkononi, bahari haitawasubiri mtafute nyingine. Kazi hizo zina mahali pake, napo ni yadini, karakana ya vyombo nchi kavu.

Wajuzi, boti letu liko yadini, limeegemezwa kwa gadi (nguzo) za chuma. Tulipanga siku 5 za rangi tu. Sasa tumeona koki moja ina rangi ya waridi, shafti inacheza, na usukani unadondosha maji. Tuanze wapi?

Rangi isubiri. Makosa mengi ya yadini huanzia hapo: mtu anapaka rangi siku ya pili, siku ya nne anagundua tatizo, na grenda inapita juu ya rangi mpya.

Anzeni na koki, kwa sababu ndiyo inayozamisha. Rangi ya waridi maana yake bahari imekula zinki iliyomo ndani ya shaba ya njano, na kilichobaki ni shaba yenye vitundu vidogo, inayovunjika kama biskuti. Msiitie rangi, msiikaze, itoeni. Nunueni ya bronzi, au ya shaba iliyotengenezwa kuhimili chumvi. Dukani zote zinafanana, kwa hiyo ulizeni imetengenezwa kwa madini gani kabla ya kulipa. Ikiwa koki nyingine ni za umri uleule, zibadilisheni zote sasa. Kila mpira ufungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, na pembeni ya kila koki ning'inizeni kizibo cha mti laini kinacholingana na tundu.

Shafti: ishikeni karibu na pangaboi, muitikise juu na chini. Kwa shafti ya milimita 25, mchezo ukipita milimita 1 hivi, bushi ya mpira inayoishika imekwisha. Pimeni vitu vitatu kabla ya kuagiza: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje cha bushi, na urefu wake. Pimeni kwa kalipa, si kwa rula. Bushi hizi mara nyingi huagizwa nje, na siku za yadi hulipiwa hata mkiwa mmekaa tu. Shafti ikiwa imechomolewa, badilisheni pia pakini (pete za kamba zinazozuia maji kupenya kandokando ya shafti), viungo vya pete vikipishana.

Usukani: tobolewe tundu dogo sehemu ya chini kabisa, maji yachuruzike mpaka yakome. Yakitoka na kutu, vyuma vya ndani vinaliwa, na usukani utalazimika kufunguliwa. Yakitoka safi na mhimili wa usukani ukawa hauchezi, kausheni vizuri, zibeni kwa epoksi, halafu mtafute yalikopenyea, mara nyingi pale mhimili unapoingia kwenye faiba.

Na gadi asiziguse mtu ila fundi wa yadi. Mkitaka kupaka palipofunikwa, yeye ndiye atakayehamisha moja moja.

Ninunue rangi lita ngapi?

Zidisha urefu wa chombo kwenye usawa wa maji kwa jumla ya upana na kina, kisha chukua robo tatu. Mita 10 × (3.4 + 1.8) ni 52, robo tatu yake ni mita za mraba 39. Lita moja hupaka mita za mraba 9 hivi, basi koti mbili zinataka karibu lita 9. Nunua 10, ile ya ziada iwe koti la tatu kwenye mstari wa maji, ukingo wa mbele wa mkuku na usukani. Rangi ya zamani ipigwe msasa wa maji, kamwe si mkavu, kwani vumbi lake lina sumu. Zinki zisipakwe kabisa. Na chombo cha aluminiamu kisipakwe rangi yenye shaba.

Mashua yangu ya mbao imekaa juu mwezi mzima, sasa nikiishusha inavuja. Kalafati (pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao) ni mpya.

Mbao zimekauka zikasinyaa, ndugu. Kalafati usiilaumu, wala usiigonge zaidi: mbao zikivimba zitajibana na mataruma (mbavu za chombo) yatapata taabu. Iache ielee penye kina kidogo wakati wa maji mafu (yasiyopanda na kushuka sana), na mtu wa kufua ngama, yaani kutoa maji yanayoingia, awepo mchana na usiku, siku mbili au tatu. Safari nyingine ukiipandisha, ifunike kwa makuti na uimwagie maji ya bahari ndani na nje kila jioni.