Siku ya Kwanza Tulale Wapi?

SWALI: Kaka, tuko wanane, Julai tunakwenda Tanga kwa baiskeli kupitia Bagamoyo, Msata na Segera. Wenzangu wanataka siku ya kwanza tutoke Mwenge tukalale Msata. Mimi naona mbali. Unasemaje?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Mdogo wangu, laleni Bagamoyo. Kutoka Mwenge ni kama kilomita 60, na Msata iko zaidi ya 60 nyingine mbele. Siku ya kwanza kundi halijajuana mwendo: mwenye miguu anakimbia, wa nyuma anamfukuza, kufika mchana wote wawili hoi. Mwekeni mbele yule anayekwenda polepole kuliko wote, na asionewe haya.

Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa zinawaka, ili mpite Tegeta na Bunju kabla ya msongamano. Hapo ni mstari mmoja, kushoto. Wa mwisho apaze sauti lori likija. Mkishapita Mapinga mtapumua.

Julai ni kusi, upepo utawasukuma mgongoni. Naupenda, lakini unadanganya: jasho linakauka, kiu huisikii. Kunyweni maji kila nusu saa hata kama hamtaki, na mkikuta madafu, simameni.

Kila mtu abebe tyubu ya tairi lake, kwani ya inchi 26 na ya inchi 28 haziazimani. Pampu mbili zinatosha. Anayeumizwa na kiti akirekebishe jioni hiyohiyo, asisubiri Segera. Magofu ya Kaole yako karibu, kayaoneni, ila nendeni kwa bajaji.