Imani kwa rais mpya inatoka wapi?

SWALI: Rais ndiyo kwanza ameapishwa, bei hazijashuka, lakini watu wanasema uchumi utapona. Wana sababu?

JIBU: Ndugu msomaji, wanaweza kuwa nayo. Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais wa Marekani Machi 4, 1933, Wamarekani wakiwa foleni kutoa fedha benki. Akazifunga benki zote, kisha Machi 12 akaeleza sababu redioni, kwa lugha nyepesi ajabu. Zilipoanza kufunguliwa kesho yake, foleni zikarudi, safari hii za kuweka fedha! Ila nyuma ya hotuba ile kulikuwa na sheria ya dharura ya benki ya Machi 9 na ukaguzi wa benki. Kwa hiyo usihesabu makofi. Soma bajeti ya kwanza ya rais wenu mpya: inakata nini, inamlinda nani, na fedha zitatoka wapi.